Gari la Mtu wa Swala Tano

Wenye wana na wakae kitako, maana neno hili si la kusikilizwa huku mtu ameshika ufagio. Lilitokea Mji wa Kale, upande wa Ndia Kuu, katika miaka ile ya tisini ambapo magari ya Dubai yalikuwa yakishuka bandarini kama mvua, na kila kijana aliyepata kazi akajiona miguu yake haifai tena kukanyaga chini.

Mwanakhamis alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Mkubwa, Athmani, alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mdogo, Nasiha, alikuwa bado anasoma sekondari kule Ganjoni, na alikuwa na pumu. Si ile ya mtu kukohoa kidogo akanywa tangawizi ikaisha. Ilikuwa ya kumkaba mpaka midomo ikageuka rangi, na mamake kwa miaka mingi alikuwa hajui usingizi wa kushiba, sikio moja liko kwenye mto wa kulalia na jingine liko kifuani pa mtoto.

Kwa hivyo Athmani aliponunua gari, Mwanakhamis alishukuru. Lilikuwa Toyota jeupe la milango miwili, la namna ile vijana waliyoiita Levin, lenye mbio zake tangu lilikotoka. Mbio hizo yeye hakuziuliza. Alilifukiza udi ndani, akamwita mwalimu wa chuoni, chuo cha Kurani, akalisomea dua, akatangaza kwamba kiti cha nyuma ni cha Nasiha. Asubuhi Athmani angempeleka nduguye shule, kisha aende kazini, jioni amrudishe. Na pumu ikishika, hakuna tena kukimbia barabarani kutafuta teksi na dereva wa kubembelezwa. Kazi ya gari kwa Mwanakhamis ilikuwa hiyo: liwake linapotakiwa kuwaka, limfikishe Nasiha kwa daktari angali anavuta pumzi. Mengine yalikuwa mapambo.

Lakini vijana hawana kazi ndogo ya kutosheka nayo. Jumapili moja Athmani alirudi kutoka Mama Ngina, kule ufuoni walikokuwa wakikutana na magari yao, akapita ukumbini bila salamu, akajifungia chumbani. Wali ukapoa.

"Nduguyo ana nini?" Mwanakhamis akamuuliza Nasiha.

"Kombe amemshinda kwa gari. Halafu akamwambia mbele ya watu, gari lako na nduguyo wote wana pumu. Watu wakacheka."

Kombe alikuwa mtoto wa jirani, nyumba ya pili kutoka pale, mtoto ambaye Mwanakhamis mwenyewe alimfunga nepi. Hasira zilimpanda akatafuta buibui lake.

"Waenda wapi, mama?" Athmani akasema kutoka chumbani, maana alikuwa akisikiliza.

"Kwa mamake Kombe. Nikamuulize hicho kinywa mwanawe alikitoa wapi."

"Mama, ukienda kunisemea kama mtoto wa chuoni, mimi nahama Mombasa."

Akalivua buibui. Laiti asingelivua. Vita vya maneno na jirani vingekwisha kwa sahani ya mahamri. Vilivyokuja badala yake havikwisha hivyo.

Alikuwapo Huzaifa, ndugu yake mdogo Mwanakhamis, mwenye duka la vinyago na masanduku ya njumu, yale yaliyopambwa kwa misumari ya shaba, pale Ndia Kuu. Huyu alikuwa mtu wa safari, leo yuko dukani, kesho yuko Dubai, na kila akirudi lazima aje na kitu cha kuwafanya watu waseme ah. Aliposikia habari za Mama Ngina alicheka, akamfinya mpwa wake begani. Safari iliyofuata alirudi na kitu kimefungwa kwa taulo, akakiweka juu ya mkeka wakiwa wanakula. Akakifunua. Kilikuwa chuma kilichojikunja kama konokono, kizito, chenye feni ndogo tumboni.

"Tabo hii," alisema. "Dawa ya pumu ya gari lako. Moshi wa injini unaizungusha, nayo inasukuma hewa ndani. Gari lavuta pumzi mara mbili. Kombe utamwona kwenye kioo cha nyuma tu."

Athmani aliacha kula. Aliigeuza-geuza mikononi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Na ya kumpa Nasiha pumzi mara mbili umeiacha Dubai, Huzaifa?" aliuliza Mwanakhamis.

"Dada, usiniharibie zawadi."

"Sijaiharibu. Nauliza."

Athmani, kwa sifa yake, hakuwa kijana wa kufanya jambo kubwa bila radhi ya mamake. Alimwambia, "Mama, twende wote kwa fundi ukamsikilize mwenyewe. Ukikataa, nimekataa." Mwanakhamis akavaa buibui, wakaenda Ganjoni.

Fundi huyo aliitwa Masha, mtu wa Kaloleni, mwenye maneno mengi na kupenda mno kazi yoyote itakayomwacha na injini wazi mezani. Alimpangusia mama benchi kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko benchi lenyewe.

"Mama, gari likitaka nguvu ziko njia tatu," alianza, akihesabu kwa vidole vyenye oili. "Ya kwanza, nachonga kichwa cha injini, naweka kemshafti nyingine, naweka ekzosi ya kupumua vizuri. Nguvu inaongezeka, si nyingi, lakini gari linabaki lilelile. Ukitaka waliwasha, ukitaka walizima, halikuulizi kitu. Ya pili, natoa injini yote naweka kubwa. Hapo mbele linakuwa zito, breki zataka kubadilishwa, na polisi wataka namba ya injini ifanane na ya kwenye karatasi. Ya tatu ndiyo hiyo tabo. Tabo ndiyo yenyewe, mama. Lakini ina masharti kama mganga."

"Masharti gani?"

"Inataka oili nzuri, tena ibadilishwe mapema. Halafu haitaki kuzimwa ghafla. Ikishakimbizwa yawa nyekundu kama jiko. Ukizima papo hapo, oili inayoilainisha inasimama ndani, yaungua na kuganda, kama maziwa yaliyosahauliwa motoni yanavyoshika chini ya sufuria. Ukirudia-rudia, inajila yenyewe. Kwa hivyo ukifika unapokwenda, wakaa ndani ya gari, injini inanguruma taratibu, mpaka ipoe. Ndipo wazima."

Mwanakhamis hakuijua injini, lakini maziwa yaliyoungua aliyajua. Akayapitisha maisha ya mwanawe akilini. Adhuhuri Athmani alikuwa akikimbia kutoka ofisini kuja msikiti wa mtaani kwao. Alasiri vilevile, magharibi vilevile. Tangu utoto alikuwa wa kufika dakika ya mwisho, wakati wa iqama, ule wito wa pili wa kuwasimamisha watu safuni, viatu akivitupa mlangoni kimoja huku kimoja kule.

"Huyu mwanangu ni mtu wa swala tano msikitini," alisema. "Na afika iqama imeanza. Nani atakaa ndani ya gari kungoja hilo jiko lipoe?"

"Si atangoja, kisha ataingia?" alisema Masha.

"Iqama haimngoji mtu, Masha."

"Nitakuwa nafika mapema, mama," alisema Athmani.

"Lini wewe umefika mapema mahali? Hata kuzaliwa ulinichelewesha."

Masha alicheka mpaka akakohoa. Akataja kuwa kipo kidude cha kuunganisha kwenye nyaya, gari likajizima lenyewe baada ya kupoa, mwenyewe keshaondoka na ufunguo wake. Lakini hakipatikani Mombasa. Athmani akasema mjomba atakileta. Mwanakhamis akasimama.

"Mjomba akikileta tutazungumza. Leo fanya hiyo ya kwanza. Ya kuwashwa na kuzimwa. Kama lazima awe na nguvu za kumwonyesha mtoto wa jirani, basi hizo zatosha. Radhi yangu iko hapo, haikuvuka."

"Sawa, mama," alisema Athmani, akamfungulia mlango wa gari kwa adabu.

Wiki hiyo Mwanakhamis alikwenda Malindi kwenye harusi ya mtoto wa dadake. Aliporudi, kabla hajaweka mzigo chini, alisikia mluzi ukija kutoka kona ya Ndia Kuu, mluzi mwembamba unaopanda juu halafu unakatika kwa pumzi, pshhh, kama nyoka aliyekanyagwa. Vijana wa barazani wakasimama. Gari la mwanawe likatokea.

Hakumngoja Athmani apande. Alikwenda dukani kwa Huzaifa na vumbi lake la safari, akamkuta na wateja Wazungu wawili, akawapita.

"Umemfanya mwanangu akanidanganya."

"Dada, karibu, keti. Hukudanganywa. Tumeona ile njia ya kwanza haifai, ni kutupa pesa kwa nguvu za kuku. Na kidude nakileta safari ijayo, wallahi."

"Si Athmani alisema mama akikataa imekataliwa?"

Huzaifa akawatazama wateja wake, akacheka ili waone ni mzaha wa nyumbani. "Dada, wewe umesoma mpaka wapi? Darasa la saba. Wataka kumfundisha fundi injini?"

"Darasa la saba latosha kujua kuwa maziwa yanaungua," alisema Mwanakhamis. "Na injini siijui. Namjua mwanangu."

Akamkataza Nasiha kupanda gari lile. Marufuku hayo yalidumu mpaka msichana alipolazimika kusimama stendi asubuhi, katikati ya moshi wa magari ya watu, akafika shule kifua kinamfoka kwa kukosa hewa. Mwanakhamis akameza maneno yake, na yalimpita kooni kama mwiba wa samaki. Nasiha akarudi kiti cha nyuma.

Nataka ieleweke kwamba Athmani mwanzoni alishika masharti. Alikuwa akifika mbele ya msikiti, anakaa ndani, mikono kwenye usukani, injini inanguruma, na watu wanampita wakiingia. Iqama ikisomwa yuko ndani ya gari. Rakaa ya kwanza ikimpita yuko ndani ya gari. Kuliacha linanguruma peke yake hakuweza, maana wezi wa magari hawachagui mlango wa msikiti, na mtunza msikiti alikwisha kulalamika kuwa mngurumo unaingia mpaka mihirabuni.

Na nani alianza kumcheka? Si Kombe. Kombe wakati huo alikuwa akishindwa kila siku na amekuwa mpole. Alikuwa Huzaifa. Huyohuyo aliyeileta. Alitoka msikitini siku moja baada ya magharibi, akamkuta mpwa wake ndiyo kwanza anafunga mlango wa gari, akamwambia mbele ya wazee wote waliokuwa wakitafuta viatu vyao: "Yakhe Athmani, imamu wako ni nani? Yule wa mihirabuni au huyu wa chini ya boneti?"

Wazee wakacheka. Mzee mmoja akaongeza, "Huyu wa boneti hana salamu ya kumalizia, ndiyo maana hatoki." Wakacheka tena, na kesho yake likawa ndilo neno la barazani, kila Athmani akipita, "Imamu wa boneti hajambo?"

Mtu wa nje ataona ni jambo dogo. Si dogo. Kijana wa Mji wa Kale anaweza kuvumilia kuambiwa gari lake halina mbio, hata akanunuliwa dawa ya mbio hizo. Lakini kuonekana amekaa kitako garini na jamaa wamesimama safuni, hilo hawezi. Tangu siku ile Mwanakhamis, aliyekuwa akifuata kila kitu kwa masikio kutoka dirishani kwake juu, alisikia mambo mawili yakifuatana bila nafasi katikati: mluzi wa gari kufika, na ukimya wa gari kuzimwa. Kisha viatu vikitupwa.

"Mbona hulingoji lipoe?" alimuuliza.

"Mama, wanicheka."

"Acha wakucheke. Kicheko chao kitapanda hospitali na wewe?"

"Kidude kiko njiani. Mjomba amesema."

Mjomba alikwenda Dubai akarudi na bomba kubwa la ekzosi linalong'aa, la kutoa sauti. Kidude alikisahau. Alisema safari ijayo.

Ndipo moshi ukaanza. Kidogo tu, wa samawati, asubuhi gari likiwashwa. Nasiha alikuwa akiingia kiti cha nyuma na leso puani. Mwanakhamis akaona, akasema. Athmani akasema ni oili kidogo, gari zote hivyo. Akasema tena, Huzaifa akasema dada ana wasiwasi tangu utoto wake. Akatuma ujumbe kwa Masha. Masha akajibu gari liletwe alitazame. Athmani akasema wiki ijayo. Watu watatu wazima, kila mmoja ana neno lake la kuahirisha, na mwenye kifua hakuulizwa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Athmani alitoka kazini mapema, akapitia Mama Ngina, na huko akampita Kombe kwa mara nyingine, barabara nzima, mpaka mwisho. Alirudi mtaani na furaha usoni na tabo imewaka kama jiko la makaa. Iqama ya alasiri ilikuwa ikisomwa. Akazima, akatupa viatu.

Walipokuwa wakitoa salamu ya kumaliza swala, Mwanakhamis alikuwa dirishani anamwita Athmani kwa jina lake, na sauti yake haikuwa ya kuita mtu chakula.

Nasiha, aliyeshinda nyumbani siku hiyo kwa ajili ya kifua, alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, mabega yamepanda juu. Alikwisha vuta bomba lake la dawa, akalivuta tena, na dawa haikwenda popote. Walimteremsha ngazi, Athmani mbele, mamake nyuma. Wakamwingiza kiti cha nyuma, Mwanakhamis akaingia naye, Athmani akarudisha kiti cha mbele mahali pake, akaruka kwenye usukani, akawasha. Gari likawaka. Kwa mara ya mwisho Mwanakhamis alilishukuru.

Walipokaribia Ngomeni mluzi ulibadilika. Ukawa kama kisu kinachokwaruza sahani. Kisha kitu kikakatika huko mbele, gari likalegea, na moshi ukaanza kutoka, mzito, wa samawati, unaonuka oili iliyoungua. Ulitoka nyuma, ukatoka chini ya boneti, ukapita kwenye matundu ya dashibodi ukaingia ndani. Ndani kulikuwa na mtoto anayetafuta hewa. Injini ikakohoa, ikafa katikati ya barabara.

Athmani aliruka nje. Akaenda kufungua boneti.

Hapo ndipo pale, jamani, Mwanakhamis mpaka leo anapopasimulia polepole. Gari lina milango miwili. Aliye nyuma hatoki mpaka aliye nje alaze kiti cha mbele. Yeye yuko nyuma, mwanawe yuko mapajani mwake anakwenda samawati kama ule moshi, na mwanawe mwingine, mwanamume mzima, amesimama nje ameinamia chuma. Alipiga kioo kwa kiganja. Alimwita Athmani kwa jina, na kwa jina la babake marehemu. Aliingiza mkono kutafuta kishikio cha kulaza kiti, kiti kikagoma, kwa kuwa Athmani alikwisha kubadilisha viti pia, ameweka vya mbio, na kishikio hakipo pale kilipokuwa.

Aliyefungua mlango alikuwa Karisa, hamali wa mkokoteni, aliyekuwa akipeleka magunia ya vitunguu sokoni. Hakuuliza. Alikivuta kile kiti kwa nguvu za mtu anayeinua magunia kila siku, kikatoa mlio kikaenda mbele. Akamtoa Nasiha. Akasukuma magunia yake chini, vitunguu vikabingirika barabarani, akamlaza msichana juu ya mbao.

"Kwa daktari gani, mama?"

"Yule wa karibu, nyuma ya barabara ya pili."

Karisa akavuta. Mwanakhamis alikimbia kando ya mkokoteni pekupeku, buibui limemvuka mabegani, mkono mmoja umemshikilia Nasiha asianguke. Walipita mbele ya vijana. Walimpita Kombe, amesimama mdomo wazi. Gari lililoshinda kila gari la Mama Ngina likabaki nyuma yao na boneti wazi kama mdomo wa mtu mwingine aliyeshangaa.

Daktari alimchoma sindano, akamwekea hewa ya chupa. Ilichukua muda mrefu. Mwanakhamis alisimama ukutani, hakukubali kuketi. Pumzi iliporudi ilirudi kwa vipande, na daktari akasema mtoto ataishi, lakini kifua hiki sasa kimeumia, hakitakuwa kama cha jana.

Athmani alifika akiwa na mikono myeusi mpaka viwiko, analia. Mamake alimtazama kwanza mikono.

"Umeona nini kwenye boneti?"

Athmani akaificha mikono nyuma.

"Nakuuliza, Athmani. Nasiha alikuwa kwenye boneti?"

"Mama, nisamehe. Sikufikiri."

"Ulifikiri. Ulifikiria gari." Akageuka ukutani. "Nenda ukamsaidie Karisa kuokota vitunguu vyake. Kilichopasuka mlipe."

Athmani akaenda, akaokota vitunguu kwa magoti mbele ya Ngomeni, na wale waliokuwa wakimwita imamu wa boneti walimwona, na hakuna aliyecheka.

Huzaifa alikuja nyumbani na zabibu. Aliketi mkekani, akamtazama Nasiha aliyekuwa amelala mito mitatu nyuma ya mgongo, akasema alhamdulillahi. Kisha, kwa kuwa mtu hawezi kujificha, akamgeukia Athmani.

"Masha asemaje? Mimi nadhani ile ilikuwa ndogo. Nitaleta nyingine, madhubuti zaidi, na kile kidude safari hii hakika."

Mwanakhamis alichukua zabibu zile na sahani yake, akashuka nazo ngazi zote, akaziweka juu ya baraza ya nje. Akapanda.

"Zawadi yako iko nje, Huzaifa. Uifuate."

"Dada, mimi ni nduguyo."

"Ndiyo maana nimeitumia sahani. Asiyekuwa ndugu ningemrushia."

Huzaifa alikaa miezi bila kukanyaga pale, na akapeleka habari kwa jamaa wote kuwa dadake ameingiwa na kichaa. Mwanakhamis aliambiwa. Alisema wamwongezee na kichaa kingine, nafasi iko.

Nasiha alipoweza kusimama, mama alimchukua Athmani kwa mkono, kama alivyokuwa akimpeleka chuoni, wakaenda Ganjoni kwa miguu. Gari lilikuwa gerejini kwa Masha, tabo imetolewa iko mezani, nyeusi ndani, feni yake imelika ukingo.

Masha alianza maneno yake. "Mama, mimi nilisema masharti—"

"Ulisema. Kisha ukaifunga, na ulijua nimekataa. Wewe nyamaza, zamu yako ilipita." Akamgeukia mwanawe. "Haya. Njia ni tatu, alivyohesabu. Chagua sasa, mbele yangu, nami nasikia."

Athmani aliitazama tabo pale mezani. Aliyekuwa akigonga bati kule nyuma aliacha.

"Injini ya kawaida, kama lilivyokuja," alisema. "Viti vya zamani virudi. Breki mpya. Basi."

"Na nguvu?"

"Zilizokuwamo zatosha, mama."

"Zilitosha tangu mwanzo," alisema Mwanakhamis. Hakumpa radhi hapo. Aliichukua ile tabo, akaifunga kwa gazeti, akaibeba chini ya buibui mpaka nyumbani, nzito, inamchafua nguo. Akaiweka chini ya mlango wa kwenda ukumbini, izuie mlango usijipige upepo ukivuma. Ikakaa hapo. Athmani akawa anairuka kila akiingia na kila akitoka.

Sasa habari za chuma hicho hazikukaa siri. Vijana walianza kuja. Wengine waliitaka kama ilivyo, wakasema feni hubadilishwa, mwili wake bado mzima. Mmoja aliitwa Baya, kijana mwenye adabu wa Ganjoni, alisimama mlangoni akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Nimesikia una tabo haitumiki. Waiuza?"

"Una mama wewe?"

"Ninaye."

"Basi mwambie aje aichukue yeye. Nitampa bure."

Wote kabla yake walipoambiwa hivyo waliondoka, hawakurudi. Huyu Baya alimleta mamake kweli. Aliitwa Mbodze, alikuwa mpishi katika shule moja, na alikuja amechoka, hajui kaitiwa nini.

"Kijana wangu aniambia umempa kitu cha gari," alisema. "Nimekuja kushukuru."

"Keti kwanza," alisema Mwanakhamis. Akaita kuelekea chini ya ngazi: "Nasiha, tuletee kahawa, mamangu."

Wakakaa. Nasiha alikuwa jikoni chini, na jiko na ukumbi vilitenganishwa na ngazi zilezile za mawe alizokuwa akizipanda mbio tangu alipojua kutembea. Wakasikia vikombe vikigongana kwenye sinia. Wakasikia hatua, kisha hatua zikasimama. Kifua kikasikika, kile cha kufoka, kinavuta, kinatoa. Kisha hatua tena. Kisha zikasimama. Baya alitaka kusema neno, Mwanakhamis akamwinulia mkono.

Kahawa ilipofika ilikuwa imepoa kidogo. Nasiha akatabasamu, akaweka sinia, akashika ukuta.

Mbodze alimtazama msichana, akatazama kile chuma mlangoni, akamtazama mwanawe. Alikunywa kahawa yake yote kwa heshima, akaweka kikombe, akasimama.

"Baya, twende nyumbani."

"Na ile, mama?"

"Nimesema twende."

Walishuka. Mwanakhamis alisikia sauti ya Mbodze ikianza barabarani, ya chini kwanza, halafu ikapanda, ikapanda, mpaka dirishani. Alisimama akaisikiliza mpaka ikapotea kona ya Ndia Kuu. Kisha akarudisha mlango ukutani, akasukuma tabo kwa mguu ikaubana sawasawa, hasira zake zikiwa bado palepale.